Wakuu, redio ya setilaiti ya kulipia inafaa kwa dereva wa masafa marefu, au naliwa hela tu?

Mnyamwezi wa Iowa

Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijaingia mkenge.

Nipo Des Moines, naendesha lori. Safari zangu nyingi ni I-80 kuelekea magharibi mpaka Nevada, kisha narudi. Mwezi wa tisa nilinunua kichwa cha mtumba, na redio yake ikaja na SiriusXM, hiyo redio ya setilaiti, ya bure ya miezi mitatu. Nikaizoea. Sasa muda unaisha wiki ijayo, na kifurushi nilichokuwa nasikiliza bei yake ya kawaida inapita dola 20 kwa mwezi, hapo bado ile ada ya mirabaha ya muziki wanayoiandika pembeni.

Mke wangu kaniuliza swali moja tu: simu unayo, bando lako halina kikomo, redio unailipia ya nini? Nimekosa jibu.

Na jambo la pili. Nyumbani king'amuzi kimoja kikikuchosha unahamia kingine. Huku naona kampuni ni hiyo hiyo moja. Ingekuwepo ya pili bei si ingeshuka?

Kaptula Ndefu

Babu yangu pale Sikonge alianika betri za National juani asubuhi ili jioni apate taarifa ya habari ya RTD. Leo mjukuu analipia redio kwa mwezi. Kweli tumeendelea.

Mzee wa Laramie

Kaptula acha utani, kijana kauliza la maana.

Mnyamwezi, mimi njia hiyo naifahamu kuliko uchochoro wa kwetu. Bando halina kikomo lakini mnara unacho. Ukitoka Laramie kwenda Rawlins mpaka Rock Springs kuna vipande simu inakuwa saa ya mkononi tu. Ukivuka Wendover ukaingia Nevada, kabla ya Elko na baada yake, hivyo hivyo. FM nazo zinakuja na kuondoka, dakika ishirini una mhubiri, dakika ishirini una mikwaruzo. Setilaiti inakaa. Inakata ukiingia kwenye handaki au ukiegesha chini ya paa la kituo cha mafuta, na milimani penye miti mirefu inasumbua, lakini Wyoming miti iko wapi?

Mimi nalipia, na sababu kubwa ni usiku. Saa nane za usiku uko peke yako, sauti ya mtu anayeongea sasa hivi inakuweka macho tofauti na kitu ulichokirekodi juzi. Ipo chaneli ya madereva, Road Dog Trucking, watu wanapiga simu wanalalamikia bei za mizigo, utacheka. Ila hali ya barabara usiitegemee huko. Kabla ya kupanda mlima angalia 511 ya Wyoming, huduma ya taarifa za barabara.

Bi Shomari

Shemeji Mnyamwezi, sikiliza mke. Mume wangu naye ni dereva. Jumapili akiwa nyumbani anapakua saa thelathini za vitu vyake: taarabu, mawaidha, Dira ya Dunia, vichekesho vya huko kwetu. Havihitaji mnara wala setilaiti. Hiyo redio yenu ina chaneli mia na kitu, Kiswahili hamna hata nusu saa. Dola 20 kila mwezi ni 240 kwa mwaka. Hiyo ni ada ya mtoto wa mtu kule nyumbani.

Mzee wa Laramie

Bi Shomari heshima yako. Lakini mpira wa moja kwa moja utaupakuaje?

Bi Shomari

Ataangalia magoli akifika. Hajalipwa kushangilia, kalipwa kuendesha.

Fundi Antena

Swali la pili ndilo limenivuta. Mkuu, hiyo kampuni ya pili ilikuwepo.

Mwaka 1997 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iligawa masafa ya redio ya setilaiti kwa mnada. Vipande viwili sawasawa, megahezi 12.5 kila kimoja, kampuni mbili zilizokuja kuitwa XM na Sirius, kila moja ikatoa zaidi ya dola milioni 80. Sharti likawekwa kabisa kwamba moja isije ikaimeza nyingine. XM ikaanza kusikika Septemba 2001, Sirius ikafuata 2002. Setilaiti zao mbili za mwanzo XM waliziita Rock na Roll. Hela ilikuwa bado ya wawekezaji, furaha tele.

Sasa tazama ushindani ulivyokwenda. Kipokezi cha XM hakikushika Sirius, cha Sirius hakikushika XM. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikawa Sirius, besiboli ikaenda XM. Sirius wakamchukua Howard Stern mwaka 2004 kwa mkataba wa dola milioni 500 kwa miaka mitano, mtangazaji mmoja. Ukitaka vyote, unalipia kote. Ni yale yale ya visahani viwili juu ya bati moja, ligi yetu iko Azam, ya Uingereza iko DStv.

Tena mara nyingi hata hukuchagua wewe. GM walifunga XM kiwandani, Ford na Chrysler wakafunga Sirius. Ulichagua gari, redio ikakuchagua.

Na bei? XM ilianza na dola 9.95, mwenzake 12.95. Aprili 2005 XM akapanda mpaka 12.95. Washindani hao, bei moja mpaka senti.

Kaptula Ndefu

Hapo ni kama daladala mbili za tajiri mmoja.

Fundi Antena

Hapana, matajiri walikuwa wawili na wote walikuwa wanapata hasara. Februari 2007 wakasema tuungane. Wenye redio za kawaida wakapiga kelele sana. Mwisho Julai 2008 FCC ikaruhusu kwa kura 3 dhidi ya 2, kwa masharti, mojawapo bei isipande kwa miaka mitatu. Hata baada ya kuungana nusura wafilisike, Februari 2009 kampuni ya Liberty Media ikawaokoa kwa mkopo wa dola milioni 530 na kuchukua asilimia 40 ya kampuni. Muda wa sharti ulipokwisha, Januari 2012 ile 12.95 ikawa 14.49. Mengine Mnyamwezi anayaona kwenye bili.

Hesabu Kali

Fundi, umejijibu mwenyewe. Ulinzi umeondoka, bei imepanda. Halafu unatuambia ushindani haukusaidia? Huo ni utetezi wa ukiritimba.

Fundi Antena

Simtetei mtu. Nasema kampuni ya pili ya kurusha vitu tofauti kwa vipokezi tofauti haikumpa msikilizaji nafasi ya kuhama. Ukihama unatupa redio, unapoteza na ligi yako. Angepata nafuu kama kipokezi kimoja kingeshika zote mbili, ahame Jumatatu arudi Ijumaa. Na leo ya tatu itatokea wapi? Masafa yote, megahezi 25, wanayo wao. Kurusha setilaiti si kufungua kibanda cha chipsi. Anayewabana sasa ni simu ya Mnyamwezi. Kwa nini unadhani Desemba 2023 walileta kifurushi cha kusikiliza kwenye programu ya simu kwa dola 9.99? Hawakuwa na huruma ya ghafla.

Hesabu Kali

Hilo la kipokezi kimoja nakubali. La simu sikubali lote. Mzee wa Laramie kasema simu haifiki. Kwa hiyo mtu wa mjini ana pa kukimbilia, dereva wa Wyoming hana, na ndiye anayelipa kamili.

Mtoto wa Kisauni

Nyinyi mnaongea kama hii kitu ni ya Wamarekani peke yao. Afrika tulitangulia! Setilaiti ya AfriStar ya WorldSpace, kampuni ya redio ya setilaiti, ilirushwa Oktoba 1998, XM bado hata haijasikika. Mwanzilishi Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Hapa Kenya ilitumika pia kupeleka vipindi vya masomo shuleni. Mimi niliisikia kwa jirani, kaantena kake unakaelekeza angani kama unapima ndizi, sauti inatoka safi kama kaseti mpya. Haikuwa na mshindani wa setilaiti hata mmoja Afrika nzima. Oktoba 2008 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kipokezi kilikuwa ghali, na FM za bure zilikuwa zimejaa kila mji. Kwa hiyo Fundi yuko sawa, adui wa redio ya kulipia ni redio ya bure.

Dada wa Columbus

Mmemaliza historia? Turudi kwenye bili ya watu.

Mnyamwezi, usilipe bei ya kwenye karatasi. Muda wa bure ukikaribia kuisha piga simu, sema kwa adabu kwamba unaacha. Watakupa bei nyingine. Hiyo nayo ikatae mara moja. Ukikubaliana, uliza jumla na ada zote kwa mdomo wao, andika tarehe ofa inapoisha, weka kengele kwenye simu wiki moja kabla. Ofa ikiisha kadi inakatwa bei kamili bila kukuamsha. Mimi yalinikuta kwa gym moja hapa mjini, mwaka mzima nalipia mashine nisizozigusa.

Na kuacha nako kuna mambo. Mwanasheria mkuu wa New York aliishtaki SiriusXM Desemba 2023 kwa kuwazungusha watu wanaotaka kujitoa, na Novemba 2024 jaji akaona utaratibu ule ulivunja sheria ya shirikisho. Kwa hiyo ukiamua kuacha, acha kwa maandishi na tunza ushahidi.

Mzee wa Laramie

Hapo dada umeongea. Miaka yote mimi nimelipa bei ya kwenye karatasi. Naomba nisome tena huu uzi kesho, nimevunjika moyo.

Mnyamwezi wa Iowa

Wakuu nimerudi na mrejesho. Asanteni, hasa Dada wa Columbus.

Nimepiga. Ofa ya kwanza nikasema hapana, moyo unanidunda kama nauza shamba. Ya pili ikashuka chini ya nusu kwa miezi sita. Nimechukua, kengele nimeweka mwezi wa tano. Msimu wa baridi nitakuwa nayo, kiangazi tutaona. Bi Shomari naye nimemsikia, nimepakua taarabu ya safari nzima.

Hivi sasa nipo Rawlins. Wamefunga I-80 kwa upepo na theluji, malori yamejipanga mpaka sioni mwisho. Simu ina mstari mmoja, unatokea unapotea. Redio inapiga. Mke kapiga mara mbili ikakatika, ya tatu ikashika, kitu cha kwanza kuuliza: "Hiyo kelele ni ya simu au ile ya hela?"