X Club ya London: watu 9, hakuna katiba, walipataje nguvu?

Nyegezi_Fizikia: Wakuu, hapa Mwanza walimu wa sayansi tunataka kuunda kikundi, tumekwama kwenye katiba na ada. X Club, klabu ya chakula cha jioni ya wanasayansi tisa wa London karne ya 19, hawakuwa na katiba, lakini wanasifiwa kwa kuifanya sayansi ya Uingereza kuwa kazi ya kulipwa. Iliwezekanaje?

Isamilo77: Angalia ratiba, mkuu. Walianza Novemba 3, 1864, wakawa wanakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Julai hadi Septemba. Mwaliko ulikuwa kadi iliyoandikwa "x = 5", yaani tarehe 5. Saa 12 jioni wako mezani; wakimaliza kula wanakwenda kikao cha Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, usiku uleule, na walilokubaliana linafika likiwa bado la moto. Wanane walikuwa tayari wanachama huko, Herbert Spencer tu ndiye hakuwa. Baadaye urais wa Royal Society wakashika wao mfululizo: Hooker 1873, Spottiswoode 1878, Huxley 1883 hadi 1885. Nguvu ilitokana na viti hivyo. Watu haohao wangekula nje ya Royal Society wasingefika popote.

Ghuba_ya_Speke: Sifa zote msiwape wao. Mwaka 1847 Royal Society yenyewe ilishaweka kikomo cha wanachama wapya 15 kwa mwaka, wakipimwa kwa kazi zao. Zamani cheo na pesa vilitosha. Tena, kati ya wanaklabu, Lubbock alikuwa mwenye benki, Spottiswoode mwenye kiwanda cha uchapaji. Huxley, yeye, aliishi kwa mshahara wa kufundisha.

Jinsi mambo yalivyokuwa kabla sayansi haijawa kazi ya kulipwa, tazameni ziwa letu, Victoria. Speke, ofisa wa jeshi la India, aliliona Agosti 3, 1858 akiwa huku Mwanza, akatangaza ndiyo chanzo cha Nile bila kulizunguka. Alipatia, lakini ushahidi haukutosha, ndiyo maana Burton, mwenzake wa safari, alimpinga miaka yote ile. Kulizunguka kwa mashua kulimsubiri mpelelezi Stanley, 1875.

Mwalimu_Igoma: Mwanzisha mada, wasichofanya X Club ni kuingiza watu wapya. Spottiswoode akafa 1883, Busk 1886, Hirst 1892, na kundi likaisha nao. Ninyi pokeeni angalau wawili kila mwaka. Katiba andikeni ya kurasa mbili, maana benki itaidai mkifungua akaunti ya kikundi: malengo, uanachama, ada, watia saini watatu. Siku ya kukutana iwe jioni kabla ya kikao cha walimu wa somo, ajenda mkononi.