Gold imegoma kushika kwenye printi za chumvi, nimekosea wapi?

kivuli_cha_mbagala
Wakuu habari za wikendi. Mwenzenu nina miezi minne nahangaika na printi za chumvi, ile njia ya kizamani unapaka karatasi chumvi halafu silva naitreti unaweka negativu juu unaanika juani. Ikiwa kwenye fremu rangi tamu, zambarau hivi, ukiitia tu kwenye haipo (hypo, dawa ya kuifanya picha isiendelee kubadilika kwa mwanga) inakuwa ya matofali, siipendi kabisa. Nikasoma kwamba ukiipitisha kwenye dhahabu kabla ya haipo inatulia, nikajikamua nikaagiza gold kloraidi ya asilimia 1, bei yake sitaki hata wife aijue. Nimechanganya boraksi gramu 6 na gold ml 12 kwa lita moja. Printi ya kwanza safi, ya pili imechelewa ila ikafika, ya tatu dakika 20 haijasogea na maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele, chini vumbi la zambarau. Nimeuziwa feki?

juakali_79
Ingekuwa feki hata ya kwanza isingebadilika. Kabla ya kutia kwenye gold unaosha vipi?

kivuli_cha_mbagala
Naichovya tu maji ya kisima kama dakika moja, naogopa isije ikafifia

juakali_79
Hapo hapo mkuu. Karatasi ikitoka kwenye fremu bado imebeba silva naitreti ambayo haijafanya kazi, ikikutana na kloraidi ya kwenye gold inaganda, ndo hayo maji ya mchele. Na hilo vumbi usilifikirie ni dhahabu tupu, sehemu kubwa ni kloraidi ya fedha imeona mwanga ikapiga zambarau kama printi yako inavyofanya. Osha dakika 10 hadi 15, taa hafifu ya njano, maji ya kwanza tia chumvi kidogo yatakuwa meupe, mwaga, badilisha mpaka yabaki angavu. Kisima chako kama kina chumvi kwa kuoshea hapo mwanzo wala hakina shida, ila kuchanganyia gold au silva sahau, tumia maji ya mvua au yale ya betri, na soma lebo vizuri usije ukanunua asidi.

Halafu piga hesabu, lita yako nzima ina gramu 0.12 tu za gold kloraidi. Changanya kidogo kidogo, mimi kila printi ya inchi 8x10 ikitoka naongeza ml 3.

dada_albumini
Kaka unashikia na kibano gani?

kivuli_cha_mbagala
Cha chuma, nimekiazima jikoni

dada_albumini
Ya Rabi. Basi dhahabu yako nyingine iko kwenye kibano hicho, gold ikikutana na chuma inaganda pale pale. Plastiki au mianzi. Na kisirudi jikoni hicho tafadhali. Vidole navyo, ukishika haipo halafu ukarudi kwenye gold umeiharibu, kwa hiyo glavu na trei za kila dawa mbali mbali.

Kuhusu rangi, hii sio rangi ya ukuta kwamba unapaka juu, inabadilishana nafasi, atomi 3 za fedha zinatoka 1 ya dhahabu inaingia, ndo maana printi inapauka kidogo, so ichome juani zaidi ya unavyoona inatosha. Itoe ikiwa kahawia ya kuelekea zambarau, ukiizidisha inakuwa ya kijivu-bluu kama maiti. Mfaransa Fizeau alianza mambo haya 1840 kwenye zile picha za bamba la fedha, sio mchezo mpya.

mzee_wa_negativu
Mimi nilienda dukani kuulizia haipo, kijana akanijibu ndio mzee, haipo 😂

kivuli_cha_mbagala
Nimerudi wakuu. Nimeosha maji manne, la nne ndo likawa angavu, gold mpya ml 250 tu, koleo la plastiki. Dakika 8 imekuwa rangi ya bilinganya na kwenye haipo haikurudi kwenye matofali, nimeiangalia nusu saa nzima. Ile ya zamani nimeichuja nikaongeza gold, inasukuma ila kivivu. Kibano nimekifungia stoo, kinatafutwa tangu jana na mimi nimekaa kimya.