Naomba ushauri: mzee ana Parkinson, usiku halali

Habari zenu wakuu. Baba yangu ana miaka 68, huu ni mwaka wa 4 tangu aambiwe ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa. Mchana anajitahidi, kutetemeka kumepungua tangu aanze dawa ya levodopa. Shida ni usiku. Dozi ya mwisho anameza saa 2. Ikifika saa 8 usiku dawa imeshaisha nguvu, mwili umekakamaa kama gogo, hata kujigeuza hawezi. Ananiita nimgeuze, kidogo mkojo, kidogo tena nimgeuze. Juzi kaota anapigana na mwizi, akarusha teke chandarua chote kikaanguka. Mama kahamia chumba kingine, na simlaumu.

Jirani katuletea vidonge vya usingizi, nimevificha. Naogopa asije akaamka na kizunguzungu akavunjika nyonga. Chai ya jioni tumeshaikata. Kliniki ni mwezi ujao.

Wenye wagonjwa kama huyu, daktari aliwabadilishia muda wa dozi, au aliwapa vidonge vya levodopa vile vinavyotoa dawa polepole? Na kitandani mlifanyaje ajigeuze mwenyewe? Nasikia shuka la satini linasaidia, ila nahofia atateleza mpaka sakafuni.