Naomba ushauri: bibopu (jazi ya kasi) inanishinda, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Kwenye jazi nimeingia nimechelewa, na mlango wangu ulikuwa Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ile ya 1959. Mwanzoni mwa wimbo wa kwanza, baada ya utangulizi mfupi, besi inauliza swali, halafu wapulizaji wanajibu kwa sauti mbili tu, basi. Nilirudia kipande hicho jioni nzima. Chodi moja (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) inakaa muda mrefu, mtu unapata nafasi ya kupumua.

Sasa shida ni bibopu. Naambiwa bila Charlie Parker wa saksafoni na Dizzy Gillespie wa tarumbeta bado sijasikia jazi. Nimejaribu, jamani! Saksafoni inakimbia kama inadaiwa, chodi zimeshabadilika kabla sijashika ya kwanza. Najua miaka ya 1940 wale vijana walitaka muziki wa kukaa na kusikiliza, sio wa kucheza dansi kama swingi, jazi iliyotangulia. Ila kichwa kinagoma.

Cha ajabu hadibopu, mtindo uliozaliwa na bibopu, ya mpiga ngoma Art Blakey inaniingia vizuri, labda kwa sababu nasikia bluzi na kanisa humo ndani. (Fyusheni, jazi iliyochanganywa na roki, sitaki, wapenzi wake mnisamehe.)

Je, nirudi nyuma kwenye swingi, kwa bendi ya Count Basie na mpiga saksafoni Lester Young, nisikie Parker alikotokea? Au nichukue wimbo mmoja tu, niujue melodi yake kwa kuimba, ndipo nifuate solo? Na nyie mnaopiga ala, sikio mnalishikiza wapi kasi ikizidi: kwenye besi au kwenye matoazi?