Tupeane uzoefu: aliyewahi kuchomelea vyuma vya usukani atusimulie kilichofuata

Mwanzisha mada, Morogoro
Ndugu zangu, naomba tusimuliane yaliyotukuta wenyewe kuhusu vyuma vya usukani vilivyokatwa, kurefushwa au kuungwa kwa kuchomelea. Mwaka 2019 niliinua pikapu yangu kwa kuongeza springi ili ipite mashambani wakati wa masika. Fundi aliniambia kuwa fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda gurudumuni imekuwa fupi, akaikata katikati, akapachika kipande cha bomba na kuchomelea pande zote mbili. Nilimlipa na kumshukuru, na kwa miezi mitano nilibeba humo mke wangu, watoto na majirani waliokuwa wakienda sokoni. Siku nilipoipeleka kurekebisha wilo alaimenti (mwelekeo wa magurudumu), kijana wa pale alipangusa vumbi kwa kitambaa akanionyesha ufa ulioanzia pembeni mwa mshono na kuzunguka karibu nusu ya fimbo. Sikuwa nimesikia mlio wala mtetemo wowote.

Fundi mstaafu, Arusha
Mwanangu, huyo kijana amekuokoa wewe na familia yako. Nimechomelea mageti, matela na chesisi kwa zaidi ya miaka 30, na naomba mnielewe: chuma cha usukani si chuma cha geti. Vingi hufuliwa kiwandani na kuimarishwa kwa joto lililopimwa, na kaboni yake mara nyingi huwa karibu asilimia 0.4. Ukikichoma kisha kikapoa upesi, na mafundi wengi hukimwagia maji ili mteja asisubiri, eneo linalopakana na mshono hugeuka gumu lakini la kuvunjika, na pale mbele yake kidogo ule uimara wa kiwandani hupotea. Haidrojeni inayotoka kwenye fito za kuchomelea zenye unyevu nayo hujipenyeza humo, na ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kupoa, wakati gari limeshaondoka gereji. Kwa hiyo kusema "nimeijaribu, iko imara" hakuthibitishi kitu.

Nayasema haya kwa sababu nilipokuwa kijana niliuchomelea mkono wa usukani wa lori la mteja, nikausugua hadi ukang'aa. Ulikatika siku ya pili akigeuza lori uwanjani kwetu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Laiti angekuwa kwenye mteremko, ningebeba roho za watu. Tangu hapo kazi hiyo naikataa, hata kwa mteja anayenisihi.

Dereva wa daladala, Dar es Salaam
Shikamoo mzee. Kwangu ilikuwa ni nakoli (kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo ukikata kona) ya kuunga niliyouziwa kama spea ya mtumba, imepakwa rangi nyeusi juu ya mshono. Nilipoikwangua niliona, nikairudisha. Tukwangue rangi kabla ya kulipa.

Mwenye gari dogo, Dar es Salaam
Mimi nilikuwa na bima kubwa. Baada ya ajali, mtu wa bima aliyekuja kukadiria hasara alipiga picha tairodi (fimbo ya usukani inayosukuma gurudumu likate kona) iliyochomelewa na kuniuliza kama nilikuwa nimeitaarifu kampuni juu ya mabadiliko hayo, nami nikajibu kuwa sikujua kuwa ni wajibu wangu. Dai langu lilikataliwa kwa kuzingatia masharti ya mkataba niliokuwa nimeusaini bila kuusoma. Gari nililitengeneza kwa fedha zangu, na polisi walinihoji kama mmiliki aliyeruhusu gari bovu liingie barabarani. Fundi hakuwa amenipa hata risiti.

Mchangiaji, Nakuru
Huku Kenya, kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka sehemu zote za gari ziwe wakati wote katika hali isiyoweza kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara wala abiria. Rafiki yangu aliyeshtakiwa kwa ubovu wa gari alidhani kosa ni la fundi peke yake. Mahakamani aliulizwa yeye, aliyekuwa akiliendesha.

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Nilirudisha springi za awali na kununua fimbo mpya ya urefu wa kiwandani. Ile iliyopasuka niliikata vipande vitatu kwa grainda kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota, akaichomelea na kuiuza.