Putinka ya katoni, bei rahisi: nitajuaje ni halali?

MwenyeDuka_Kondele: Wadau, habari zenu. Nina duka la pombe hapa Kisumu. Kuna mletaji ananipa vodka ya Putinka ya nusu lita, katoni kwa bei ya chini mno. Lebo yote ni ya Kirusi. Ndiyo ile ya jina la Putin? Nitaipimaje?

Stoo_Nakuru: Ndiyo hiyo. Iliingia sokoni Urusi mwaka 2003, Putin mwenyewe akiwa rais, ikatengenezwa katika kiwanda cha Kristall cha Moscow, na ikauzwa sana. Ila jina halikulindi msako ukija. Tafuta stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, uiskani kwa programu ya simu ya Soma Label, chupa moja moja, maana katoni huchanganywa. Jina litakalotokea kwenye simu lazima lilingane na lebo. Stempu ya Urusi peke yake hapa haina kazi. Chupa ya namna hiyo ni magendo, na ikikutwa kwenye rafu yako kesi ni yako.

Kipimo40: Kuhusu nguvu: haidromita ya pombe, kile kifaa kinachoelea kupima nguvu yake, hutengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Kwa joto la Kisumu, nyuzi 30 mchana, vodka ya asilimia 40 itasoma karibu 44. Kwa hiyo iliyozimuliwa hadi 36 itaonekana 40 kamili! Poza kwanza hadi nyuzi 20, zungusha haidromita viputo viachie, kisha soma macho yakiwa usawa wa kinywaji. Huna haidromita? Ilaze kwenye friza ya nyuzi -18 usiku kucha. Ya 40 huwa nzito kama mafuta lakini haigandi. Ukiona barafu, imetiwa maji.

Maabara_Kakamega: Tafadhali, vipimo hivyo havigundui methanoli, pombe ya sumu, na hiyo ndiyo inayoua. Uzito wake ni gramu 0.792 kwa mililita, ethanoli, yaani pombe ya kawaida, 0.789, haidromita haiwezi kuzitofautisha. Kuwasha moto pia hakuthibitishi kitu. Ni maabara tu. Mnywaji anaweza kukaa saa 12 hadi 24 akijiona mzima, kisha macho yanaingia ukungu. Huyo akimbizwe hospitali palepale, asiachwe alale akidhaniwa ana uchovu wa pombe tu. Dawa ipo, fomepizoli au ethanoli, na kusafishwa damu, lakini kila saa inayopita inakula macho.

MwenyeDuka_Kondele: Asanteni sana. Na kama stempu ipo, ila kifuniko kinazunguka tu bila kukatika?

Stoo_Nakuru: Usipokee. Pete ya chini ikiwa imeshaachana na kifuniko, au stempu ina gundi mpya pembeni, chupa hiyo imejazwa upya. Rudisha katoni yote, na umwombe risiti ya mwagizaji kabla hujazungumza bei.