Kuhakiki tamthilia ya wanafunzi wenzako: ukali uishie wapi?

Mwandishi Chipukizi:
Ndugu wanajukwaa, ninaandikia safu ya sanaa katika jarida la wanafunzi chuoni, na nimepangiwa kuhakiki tamthilia iliyoigizwa na wanafunzi ambao wengi wao tunasoma darasa moja. Mwongozaji wake ninaishi naye chumba kimoja bwenini. Onyesho lilianza vizuri, lakini sehemu ya pili ilizorota, na waigizaji wawili walimeza maneno kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakuambulia kitu. Je, niyaandike haya waziwazi, au niyapunguze makali kwa kuwa hawa si waigizaji wa kulipwa?

Mhariri wa Zamani:
Suala la ukali lisubiri kwanza. Anayeishi chumba kimoja na mwongozaji hapaswi kuihakiki kazi yake. Mweleze mhariri wako mapema ili ampe mwingine jukumu hilo. Na iwapo hakuna mwingine kabisa, uhusiano wenu utajwe katika aya ya kwanza, ambapo kila msomaji atauona.

Mpenda Maigizo:
Naafiki, ila nalirudia swali lenyewe, kwa sababu atakayekupokea kalamu atakutana nalo pia. Tahakiki nyingi za wanafunzi zimejaa maneno kama “lilivutia” na “waliigiza kwa ustadi”, hivyo msomaji ambaye hakuwapo ukumbini humaliza kusoma bila kujua alichokikosa. Anayeandika kwamba sauti za wahusika wawili zilipotea kila walipoipa hadhira mgongo amemwonyesha mwigizaji pa kujirekebisha, na pengine amegundua kwamba kosa ni la mwongozaji aliyewapanga hivyo jukwaani. Anayeandika kwamba uigizaji ulikuwa duni hajamsaidia mtu. Vivyo hivyo kuhusu sehemu ya pili: ni vyema kuomba muswada na kuusoma, maana mchezo unaweza kuzorota kwa sababu mtunzi amemaliza mgogoro mapema mno, au kwa sababu mabadiliko ya mandhari yanachukua muda mrefu gizani. Hayo ni makosa ya watu tofauti, na mhakiki asiyeyatenganisha humlaumu asiyehusika.

Msomaji wa Majarida:
Hoja ya kwamba hawalipwi siikubali. Ngũgĩ wa Thiong’o alichapisha baadhi ya hadithi zake za mwanzo katika Penpoint, jarida lililoanzishwa Makerere mwaka 1958, na tamthilia yake The Black Hermit iliigizwa na wanafunzi mjini Kampala mwaka 1962, Uganda ilipokuwa ikisherehekea uhuru. Kazi ya mwanafunzi ni kazi kamili. Kuihakiki kwa huruma, kama anayesifu mchoro wa mtoto, ni namna ya kuidharau.

Mwandishi Chipukizi:
Nashukuruni. Mhariri ameikabidhi kazi kwa mwenzangu, nami nimemwachia maoni haya. Anauliza jambo moja: je, waigizaji wale wawili watajwe kwa majina?

Mhariri wa Zamani:
Kama majina yao yalichapishwa katika ratiba iliyogawiwa mlangoni, yanaweza kutajwa, kwa sharti kwamba waliofanya vizuri nao watajwe kwa majina, na kwamba kinachozungumzwa ni sauti na miondoko yao jukwaani usiku ule. Sura zao, lafudhi zao za nyumbani na mwenendo wao chuoni visiguswe.